KOMPYUTA ZA OFISI YA CHAMA: FAILI ZA PAMOJA, PRINTA MOJA, NA KILA MTU KWA JINA LAKE

Somo kwa makatibu, wajumbe wa bodi, kamati za usimamizi na wanachama

Madhumuni ya somo hili ni kueleza jinsi chama cha msingi kinavyoweza kuunganisha kompyuta zake chache, kuweka faili mahali pamoja, kutumia printa moja, na kumpa kila mtumishi akaunti yake. Somo lisomwe na watumishi wa ofisi pamoja na wanachama wa kawaida, maana jambo lenyewe linahusu mali ya mwanachama.

1. KILO ZA MWANACHAMA

Siku ya malipo ndiyo siku ya kupima ushirika. Mkulima wa kakao wa Mbingu, wa mpunga wa Mngeta au wa miwa wa Msolwa aweza kusahau hotuba za mkutano mkuu, lakini hasahau kilo alizopima wala fedha alizopokea. Mambo mawili hayo yasipolingana, hakuna maneno yatakayomridhisha.

Katika daftari la zamani, aliyebadili tarakimu aliacha alama: wino uliofutwa, karatasi iliyokwanguliwa kwa wembe, au mwandiko usiofanana na mwingine. Mkaguzi aliinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha akaona. Katika kompyuta, 486 hugeuka 468 bila kuacha kovu. Kilo 18 zimepotea, na kila anayeulizwa aweza kujibu kwamba hajui, kwa sababu kompyuta ni moja, neno la siri ni moja, na watu watano hulitumia.

Uchukuliwe mfano wa chama chenye kompyuta tatu. Moja iko ghalani kwa karani wa mizani, ya pili kwa mhasibu, na ya tatu kwa katibu. Printa ni moja, nayo imeunganishwa na kompyuta ya mhasibu. Kila jioni karani hunakili orodha ya kilo katika flashi akaipeleka kwa mhasibu. Mhasibu huisahihisha, akaipeleka kwa katibu kwa flashi ile ile. Baada ya wiki tatu, ofisi ina faili tatu: ya kwanza inaitwa "Malipo", ya pili "Malipo mapya", na ya tatu "Malipo mapya ya mwisho". Siku ya malipo ikifika, orodha inayochapwa ni ile ya pili. Wanachama waliopima siku nne za mwisho hawamo. Hakuna aliyeiba, lakini mwanachama anayerudi nyumbani mikono mitupu hawezi kutofautisha wizi na uzembe.

Ugonjwa huu una dawa. Orodha iwe moja, ikae mahali pamoja, wanaohusika waifikie kutoka mezani kwao, na kila mmoja aingie kwa jina lake mwenyewe.

2. MPANGO WA KAZI HUTANGULIA MASHINE

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kutokana na matatizo ya mfumo wa hesabu uliotegemea kompyuta, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye, na leo kompyuta ziko hata vijijini. Lakini fundisho lake halijazeeka. Mashine huharakisha mpango inaoukuta. Ikikuta mpango mbaya, huharakisha ubaya.

Ushirika nao una fundisho lake. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, ndipo pia lilipoundwa, mwaka huo huo, Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani COASCO. Vyama vilirudi pamoja na ukaguzi, maana ushirika usiokaguliwa haudumu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua waya hata mmoja, bodi iketi na kuandika katika kumbukumbu zake nani hufanya nini. Kanuni ya mgawanyo wa kazi inajulikana: anayepima halipi, anayelipa haidhinishi, na anayeidhinisha haandiki kilo. Kazi yote iliyobaki katika somo hili ni kuihamisha kanuni hiyo kutoka katika kumbukumbu za bodi na kuiingiza ndani ya kompyuta.

3. KUUNGANISHA KOMPYUTA

Mtandao wa ofisi ni kompyuta na printa za ofisi moja zilizounganishwa ili zipeane habari. Wanachama wengi hudhani kwamba mtandao ni intaneti. Sivyo. Mtandao wa ofisi hufanya kazi hata bando likiisha au mnara wa simu ukizimika. Kinachohitajika ni swichi, yaani kisanduku chenye matundu ya nyaya, au ruta, ambayo huweza pia kuiunganisha ofisi na intaneti.

(a) Nyaya. Waya wa kawaida wa mtandao usizidi meta 100 kutoka kwenye swichi hadi kwenye kompyuta. Ghala likiwa jengo la pekee, ni vizuri kulifikia kwa mawimbi ya redio au kwa waya wa kioo, maana waya wa shaba uliopita nje huweza kuleta nguvu ya radi ndani. Mvua za bonde la Kilombero huja na radi, na radi moja yaweza kuunguza swichi na kompyuta zote kwa pamoja.

(b) Mahali pa kuweka. Vyombo visiwekwe sakafuni. Bonde hili hufurika, na vumbi la pumba za mpunga huziba matundu ya kupoza mashine. Meza imara, kitambaa cha kufunika usiku na betri ya akiba ya kulinda kompyuta umeme unapokatika ni gharama ndogo kuliko kununua kompyuta nyingine.

(c) Majina. Kila kompyuta ipewe jina linaloeleweka: MIZANI, HESABU, KATIBU. Jina la kiwandani lenye herufi na tarakimu zilizochanganyika halimsaidii mtu anayetafuta kosa saa ya kazi.

(d) Mtandao wa faragha na wa hadhara. Kompyuta ya Windows iweze kuambiwa kama mtandao iliomo ni wa faragha au wa hadhara. Ofisini ichaguliwe faragha, ndipo kompyuta nyingine ziweze kuiona. Katibu anayesafiri na kompyuta yake kwenda Morogoro achague hadhara awapo hotelini au kwenye kituo cha mabasi, ili faili za chama zisionekane na wapita njia.

(e) Wageni. Neno la siri la mtandao wa redio wa ofisi lisibandikwe ukutani. Ruta nyingi zina uwezo wa kutoa mtandao wa pili kwa ajili ya wageni. Mnunuzi, dereva wa lori na kijana mwenye simu watumie huo, wasiguse ule wenye faili za chama.

(f) Kompyuta ya kuhifadhi. Kompyuta moja ichaguliwe kuwa ghala la faili. Iwe katika chumba chenye kufuli, na isizimike wala kulala saa za kazi, maana ikilala wote hukosa faili. Windows ya kawaida huruhusu kompyuta hadi 20 kuungana nayo kwa wakati mmoja, na chama cha msingi hakifikii idadi hiyo. Chama kikuu chenye ofisi kubwa chaweza kuhitaji seva. Ipo programu ya bure iitwayo Samba, iliyoanzwa mwaka 1992 na Andrew Tridgell wa Australia, ambayo huiwezesha mashine ya Linux kuzihudumia kompyuta za Windows.

Ikumbukwe kwamba Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Chama kinachonunua kompyuta iliyotumika kiulize kwanza ina toleo gani, na kama yaweza kupokea toleo jipya zaidi.

4. AKAUNTI: KILA MTU KWA JINA LAKE

Akaunti ni jina la mtumiaji pamoja na neno lake la siri. Katika chama cha ushirika akaunti ni zaidi ya ufunguo, ni saini. Katibu hawezi kumwazima mhasibu saini yake aende nayo benki. Basi asimwazime na neno la siri.

Desturi ya kutumia neno la siri katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT, Marekani, kwenye mfumo ulioongozwa na Fernando Corbató. Siri hizo hazikukaa muda mrefu. Mwaka 1962 mwanafunzi wa hapo, Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi wa kutumia kompyuta, aliiagiza mashine ichape faili yenye maneno ya siri ya watumiaji wote, nayo ikaichapa. Miaka michache baadaye lilitokea la pili. Wasimamizi wawili walihariri faili mbili kwa wakati mmoja, mashine ikazichanganya, na kila aliyeingia akasomewa orodha ya maneno ya siri badala ya tangazo la siku. Wataalamu wenyewe walipatwa na hayo. Katibu wa chama asidhani kwamba yeye hawezi kupatwa.

Utaratibu unaofaa ni huu:

(a) Kila mtumishi apewe akaunti ya kawaida, isiyoweza kuingiza programu mpya wala kubadili akaunti za wengine. Akaunti iitwayo "Ofisi" au "Chama", inayotumiwa na wote, ifutwe. Akaunti ya mgeni ifungwe.

(b) Akaunti ya msimamizi wa kompyuta iwe ya pekee, na isitumike kwa kazi za kila siku. Neno lake la siri liandikwe, litiwe katika bahasha, bahasha ifungwe kwa lakiri na kutiwa saini na mwenyekiti wa bodi na mwenyekiti wa kamati ya usimamizi, kisha iwekwe katika sefu. Siku itakapofunguliwa, iandikwe katika kumbukumbu ni nani aliyefungua na kwa sababu gani. Kazi ikiisha, neno hilo libadilishwe.

(c) Pasipo seva, akaunti hutengenezwa mahali pawili: katika kompyuta ya mtumishi mwenyewe, na katika kompyuta inayohifadhi faili, kwa jina lile lile na neno la siri lile lile. Mafundi wengi husahau jambo hili. Kisha mtumishi akikataliwa kuingia, wao hufungua mlango kwa watu wote ili kazi iendelee. Huo si ufundi. Ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea.

(d) Neno la siri liwe refu. Maneno manne yasiyohusiana ambayo mtumishi aweza kuyakumbuka ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, mambo ambayo mtaa mzima unayajua.

(e) Mtumishi akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo, kabla ya chai ya kumuaga. Ifungwe bila kufutwa, ili jina lake libaki katika kazi alizozifanya.

(f) Kanuni hizi zihusu pia mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambamo taarifa za vyama huingizwa kwa njia ya intaneti. Katibu anayempa kijana wa duka la intaneti neno lake la siri ili amwingizie taarifa ametia saini karatasi tupu.

5. FOLDA ZA PAMOJA NA RUHUSA ZAKE

Katika kompyuta ya kuhifadhi, zitengenezwe folda nne, na ruhusa zigawanywe hivi:

WANACHAMA. Rejesta ya wanachama. Katibu huandika, mhasibu na karani wa mizani husoma tu.

MIZANI. Kilo za kila siku. Karani wa mizani huandika. Mhasibu na katibu husoma tu.

MALIPO. Orodha za malipo. Mhasibu huandika, katibu husoma, karani wa mizani hafiki kabisa.

MIKUTANO. Kumbukumbu, mialiko na taarifa. Katibu huandika, wote husoma.

Kamati ya usimamizi ipewe akaunti yake inayosoma folda zote nne na isiyoandika katika hata moja. Kwa njia hiyo kamati yaweza kufika siku yoyote bila kuomba ruhusa kwa wale inaowasimamia.

Windows ina milango miwili kwa kila folda ya pamoja. Mlango wa nje ni ruhusa ya mtandao, na mlango wa ndani ni ruhusa ya diski yenyewe. Anayekuja kwa mtandao hupita milango yote miwili, na ulio mkali zaidi ndio unaotawala. Lakini anayeketi mbele ya kompyuta yenye folda hupita mlango wa ndani peke yake. Kwa hiyo ruhusa ziwekwe katika milango yote miwili, na kompyuta hiyo isiwe mahali ambapo kila mpita njia aweza kukaa. Katika orodha ya ruhusa, jina linalomaanisha "watu wote" liondolewe, na yaandikwe majina ya watu mmoja mmoja.

Kazi ikiisha, ijaribiwe. Karani wa mizani aingie kwa jina lake, ajaribu kufungua folda ya MALIPO, naye akataliwe. Mhasibu ajaribu kubadili kilo za jana, naye akataliwe. Fundi asilipwe kabla ya jaribio hilo kufanyika mbele ya mwenyekiti.

Rejesta ya wanachama itumie namba. Katika bonde hili majina hufanana mno, na watu huhama kutoka kijiji hadi kijiji kufuata mashamba. Taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara, ambayo chanzo chake ni maabara iliyofunguliwa mwaka 1957, ilianza mwaka 1996 kufuatilia kaya katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ikiandika vizazi, vifo na wahamaji. Kazi kama hiyo hutegemea kila mtu kuwa na namba yake ya kudumu. Chama nacho kifanye hivyo: namba ya mwanachama isibadilike, na akifariki au kujitoa, asipewe mtu mwingine.

Watu wawili wakifungua orodha moja kwa wakati mmoja, kompyuta kwa kawaida humpa wa kwanza nafasi ya kuandika, na wa pili huambiwa asome tu. Hapo wa pili asubiri. Akihifadhi nakala yake pembeni kwa jina jipya, amerudisha ugonjwa wa "Malipo mapya ya mwisho".

Hapana budi kusema kweli juu ya jambo moja. Folda ya pamoja huzuia asiyeruhusiwa, lakini peke yake haiandiki ni nani aliyebadili tarakimu gani, wala haimzuii karani mwenye ruhusa kubadili kilo alizoziandika mwenyewe. Kwa hiyo karatasi bado ina kazi. Kila jioni orodha ya siku ichapwe, karani na mwakilishi wa wakulima waliopo waitie saini, na nakala moja ibandikwe ubaoni. Kisha katibu ainakili orodha hiyo katika folda ya tano, ZILIZOFUNGWA, ambayo wengine wote husoma tu. Kosa likigunduliwa baadaye, lisahihishwe kwa mstari mpya wenye tarehe na sababu, kama mhasibu anavyofanya katika leja. Mstari wa zamani usiguswe. Kila mwezi kamati ya usimamizi ichague siku chache bila kutoa taarifa, na ilinganishe karatasi zenye saini na folda ya ZILIZOFUNGWA na orodha ya malipo. Vitatu hivyo vikikubaliana, mwanachama ana haki ya kulala usingizi.

Orodha ya ubaoni iwe na namba ya mwanachama na kilo. Isiwe na namba ya simu wala akaunti ya benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu wote wanaokusanya na kutunza habari za watu, na chama cha ushirika ni mmojawapo.

6. PRINTA MOJA KWA WOTE

Mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California, Robert Metcalfe na wenzake walibuni mtandao wa waya uitwao Ethernet, ambao ndio babu wa nyaya za ofisini za leo. Shabaha mojawapo ilikuwa kuziwezesha kompyuta nyingi zitumie printa moja ya leza. Haja ya chama cha msingi, basi, ni haja ya zamani.

Printa yaweza kuunganishwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuifunga kwa waya kwenye kompyuta moja, kisha kompyuta hiyo iwashirikishe wengine. Njia hii ni rahisi, lakini kompyuta hiyo ikizimwa, ofisi nzima haichapi. Njia ya pili ni kununua printa yenye uwezo wa mtandao na kuiunganisha moja kwa moja na swichi au ruta. Hapo printa ipewe anwani isiyobadilika, mathalani 192.168.1.50, na anwani hiyo iandikwe kwenye kibandiko juu yake. Printa ambayo anwani yake hubadilika kila umeme unaporudi ndiyo ile ambayo watumishi huilaumu kwamba "leo imegoma".

Printa isiwekwe barazani. Orodha ya malipo iliyosahauliwa juu yake ni sawa na sefu iliyoachwa wazi, na kisa cha mwaka 1962 kilichotajwa juu kilipitia kwenye printa. Anayechapa orodha ya malipo asimame hapo mpaka ukurasa wa mwisho utoke, auhesabu, na karatasi zilizoharibika zichanwe. Stakabadhi za fedha zisichapwe kwenye karatasi tupu. Zitumike zile zenye namba za mfuatano, ili ukurasa uliopotea ujulikane.

7. NAKALA RUDUFU

Faili zikikaa mahali pamoja hupatikana kwa urahisi, na hupotea kwa urahisi vile vile. Mwezi Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi nyingi kwa kupitia kasoro katika njia ya zamani ya Windows ya kushirikiana faili. Virusi hivyo vilifunga faili za watu na kudai malipo. Njia hiyo ya zamani, inayoitwa toleo la kwanza la SMB, haifai kuwashwa tena, hata kama fundi atasema kwamba printa kuukuu haifanyi kazi bila hiyo.

Kinga ya chama ni nakala tatu: moja inayotumika, moja katika diski ya nje ndani ya sefu, na moja mbali na ofisi, kwa mfano katika ofisi ya chama kikuu. Maji yakiingia ofisini, nakala mbili za kwanza huweza kwenda pamoja. Diski ya nje iunganishwe wakati wa kunakili tu, kisha ichomolewe, maana virusi vya namna hiyo hufunga kila diski inayoikuta imeunganishwa. Diski inayotoka nje ya ofisi iwe imefungwa kwa neno la siri.

Mara moja kwa mwezi katibu afungue nakala hiyo katika kompyuta nyingine na kusoma orodha moja mpaka mwisho. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

8. CHAMA KIDOGO KIFANYEJE?

Vipo vyama ambavyo kompyuta ni moja na mtumishi ni katibu peke yake. Hivyo pia vyaweza kuanza. Kompyuta moja iwe na akaunti tatu: ya katibu, ya kamati ya usimamizi inayosoma tu, na ya msimamizi iliyo ndani ya bahasha. Orodha ya siku ichapwe na kutiwa saini. Nakala ipelekwe chama kikuu kila wiki. Kwa hayo, gharama kubwa ni bahasha na karatasi. Chama kitakapopata kompyuta ya pili, watu watakuwa wameshazoea.

Mkutano mkuu nao una wajibu. Mwanachama asiyejua kutumia kompyuta anajua kuuliza, na maswali matatu yatosha: Ni nani awezaye kubadili kilo zangu baada ya jioni? Ni lini kamati ililinganisha karatasi na kompyuta kwa mara ya mwisho? Ofisi ikiungua usiku wa leo, orodha yetu iko wapi kesho? Katibu aliyejiandaa atayajibu maswali hayo akiwa amesimama, bila kufungua kompyuta.

MASWALI YA KIKUNDI CHA MASOMO

1. Katika chama chenu, watu wangapi wanalijua neno la siri la kompyuta ya ofisi? Ni nani aliyeruhusu?

2. Andikeni majina ya folda ambazo chama chenu kinahitaji. Mbele ya kila jina, andikeni nani asome, nani aandike, na nani asifike.

3. Karani wa mizani ameugua katikati ya msimu. Mhasibu anaomba apewe neno la siri la karani ili kazi isisimame. Bodi ifanye nini badala ya kumkubalia?

4. Mwanachama analalamika kwamba alipima kilo 486 na amelipwa kilo 468. Tajeni, kwa mfuatano, karatasi na faili ambazo kamati itazifungua, na ni nani atakayeitwa kueleza kila moja.

5. Kila kikundi kichague wajumbe wawili, wafike ofisini wiki hii na kuomba kuona nakala rudufu ikifunguliwa. Taarifa yao isomwe katika mkutano ujao.